Sikio langoni

Juzi nimeulizwa tena: "Kijapani cha nini?" Swali hili nimeshalizoea na majibu ninayo. Hutaja ufadhili ambao serikali ya Japani imekuwa ikiwapa wanafunzi wa kigeni tangu 1954. Hutaja ukalimani. Anayeuliza huridhika, nami usiku nikifungua daftari najua kwamba sikumweleza yote.

Kilichonivuta mwanzo ni sauti. Irabu zao ni tano zilezile, na silabi karibu zote huishia kwenye irabu kama zetu. Nilipoanza kusoma hiragana, herufi zao za silabi, nikawa nakutana na maneno niliyoyajua tangu utotoni yakiwa na maana nyingine kabisa: kuni ni nchi, hana ni ua, sasa ni mianzi midogo. Na mimi ni sikio. Hilo la mwisho halijanitoka kichwani hadi leo.

Ikaja kuhesabu. Kalamu moja ni ippon, karatasi moja ichimai, paka mmoja ippiki, mtu mmoja hitori. Kitabu changu kinamwonya msomaji kuwa sura hiyo ni ngumu. Mimi niliifurahia! Aliyekua akisema mtu mmoja, kitu kimoja, jambo moja, atashangaa nini? Si ngeli, najua. Wao wanaangalia zaidi umbo, kama kitu ni kirefu au ni bapa. Lakini niliona kuna watu wengine duniani ambao idadi haiwatoki mdomoni kabla hawajajua wanahesabu nini.

Kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136. Nina mia tatu hivi. Ninayoipenda kuliko zote ni 聞, kusikia. Unaanza na lango, mistari minane, mabawa mawili yanayotazamana. Kisha ndani yake unaandika sikio, mistari sita. Sikio limesimama langoni. Nimeijaza kurasa mbili nzima, na bado lile sikio hunitokea nene likagusa nguzo.

Na kusikia ndiko kulikoniangusha. Desemba nilifanya mtihani wa Kijapani wa N4, ngazi ya pili kutoka chini, nikapata alama 101 kati ya 180, na kufaulu zinatakiwa 90. Ila kusikiliza kuna kiwango chake peke yake, 19 kati ya 60. Nilipata 16. Niliumia, nikakaa wiki mbili bila kugusa daftari.

Baadaye nilielewa kosa langu. Sisi kukanusha tunakutanguliza: hakula, sitakwenda. Ukisikia ile "ha" au "si" tu, umeshajua jambo linaelekea wapi. Wao kitenzi kinakuja mwisho, na kukanusha na wakati vimening'inia mkiani mwake: tabemasu, anakula; tabemasen, hali; tabemasen deshita, hakula. Mimi nilikuwa nikidaka mwanzo wa sentensi na kuchagua jibu, wakati msemaji hajafika kwenye neno lenyewe. Na si kwenye mtihani tu. Hata nyumbani, kwa lugha yangu mwenyewe, huwa nawamalizia watu maneno yao. Dada yangu ameshanilalamikia mara nyingi, na ana haki.

Basi hiyo ndiyo sababu ambayo sikuwahi kuitoa. Nimepata lugha ambayo usipomngoja mtu afike mwisho, hujamsikia.

Jana jioni nilikuwa kwenye simu na Mjapani ninayefanya naye mazoezi ya mazungumzo kila wiki. Alianza: "Watashi wa, kodomo no koro, umi ga..." Mimi, nilipokuwa mtoto, bahari... Akanyamaza, anatafuta neno. Mdomoni nilikuwa nalo tayari, suki, kupenda. Nikalimeza. Kimya kilikuwa kirefu, nikasikia hadi anavuta pumzi.

"Kowakatta desu," akasema. Ilikuwa ikimtisha.

"Sō desu ka," kumbe, nikamjibu taratibu, naye akaanza kunieleza kwa nini.