Asta nyeupe chini ya mwaloni

Chini ya mwaloni wangu pana kivuli kutwa, na udongo wake ni mkavu kwa sababu mizizi ya mti hunywa karibu maji yote. Nilipanda vingi pale vikafa. Mwisho nikachagua asta nyeupe ya msituni, Eurybia divaricata, maana pahali pa namna hiyo ndipo kwao: ni ua la asili la misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini. Tena huchanua mwishoni mwa kiangazi hadi Oktoba, wakati nyuki hawana pengi pa kwenda.

Mara ya kwanza nilipanda mbegu majira ya kuchipua, nikazifukia kama maharage. Haikuota hata moja. Mbegu hizi ni ndogo, hazitaki kufukiwa, na lazima zipitiwe kwanza na baridi yenye unyevu. Mwaka uliofuata nikazichanganya na mchanga uliolowa kiasi cha kushikamana ukiufumbata bila kuchuruzika, nikazifunga mfukoni na kuziacha kwenye friji miezi miwili. Kisha nikazimwaga juu ya udongo wa trei na kuzigandamiza kwa kiganja, basi. Zikaota.

Miche nilipoihamishia chini ya mti, sungura waliikata usiku mmoja. Mizizi ilikuwa hai, ikachipua upya, nami nikaizungushia waya. Nilimwagilia msimu ule wa kwanza tu. Mwaka mzima sikupata ila majani yenye umbo la moyo, nami nakuomba usiing'oe ukifika hapo.

Septemba ya mwaka wa pili ikachanua. Mashina yake ni meusimeusi, yamepinda huku na huku, na vitovu vya maua huanza njano vikageuka wekundu wa zambarau kadiri vinavyozeeka. Wakaja nyuki wadogo, nzi wa maua, na wale nyuki wanene wenye manyoya. Hao wa mwisho ndio nilikuwa nawangoja: kundi lao lote hufa baridi ikiingia, wakabaki malkia wapya tu, ambao lazima washibe kabla ya kujichimbia ardhini.

Asubuhi moja ya Oktoba nilimkuta mmoja amelala juu ya ua, umande umemtanda mgongoni. Nilichuchumaa nikamtazama. Jua lilipomfikia akaanza kutetemeka, akajipasha moto hivyo kwa muda, kisha akahamia ua la pili na kuanza kunywa.