Kambare Aliyepanda Basi la Mbagala

Nauli ya kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Ikwiriri sina ugomvi nayo. Kinachouma ni bodaboda. Ukishashuka na kusema unakwenda ziwani, kijana anakutazama viatu kwanza, ndipo anataja bei. Mimi alinitajia 20,000. Nikamwambia kwa hela hiyo nazunguka Dar nzima kwa daladala na chenji inabaki. Akajibu kwa upole, "Basi subiri daladala, bosi." Tukamalizana kwa 15,000, na begi nikalipakata mwenyewe.

Kilichonitoa mjini ni hamu ya perege. Dar tunakula wa kwenye friza, wengine wamesafiri kwenye kontena kutoka China, ukimkaanga anatoa maji badala ya harufu. Bonde la Rufiji lina maziwa madogo kibao: Utunge, Ruwe, Uba, Zumbi na mengineyo. Mto ukifurika, maji yanaingia humo na samaki wanayafuata kwenda kuzaliana. Yakipungua, samaki wanabaki, na wavuvi wanaanza kazi. Nililofikia mimi sitalitaja. Mzee aliyenipokea aliniomba hivyo, anasema watu wa mjini wakishajua njia wanakuja na makokoro, nyavu zinazozoa hadi vifaranga.

Uvuvi wenyewe hauna hadithi ndefu. Tuliingia kwenye mtumbwi wa gogo, mzee na pondo lake, mimi na mshipi na kopo la nyungunyungu. Mbu walinila kabla sijala mimi. Viboko walikuwa ng'ambo wakikoroma, na mzee akanikataza kunyoosha kidole upande wao. Tukapata perege wa kiganja, watamu kweli, tukawala palepale kwa ugali na ndimu.

Nilimuuliza kuhusu maji, maana tangu bwawa la umeme la Nyerere, huko juu ya mto Rufiji, lianze kujazwa mwishoni mwa 2022, ukikutana na mtu wa Rufiji mazungumzo hayapiti mbali na hapo. Akasema mafuriko ya 2024 yalimchukulia shamba zima. "Lakini samaki, mjukuu wangu, tulikula mpaka watoto wakaanza kuulizia mchicha."

Wakati wa kuondoka nikamnunulia kambare, wazima, kwenye ndoo ya lita ishirini. Akawatilia maji kidogo tu na majani mabichi juu. Nikamuuliza hawatakufa njiani? Akacheka. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachovuta hewa hii hii tunayovuta sisi, ilimradi ngozi isikauke. "Huyu utafika naye Dar akikuuliza kituo."

Basi la kurudi Mbagala likaipita Kibiti salama. Mbele kidogo dereva akakwepa mbuzi, ndoo ikalala, kifuniko kikaenda kwake. Wawili walibaki kwenye majani. Yule mkubwa akaingia chini ya siti.

Binti mmoja akapiga ukelele, "Nyoka!" Hapo basi zima likapanda juu ya viti, pamoja na konda ambaye alikuwa anadai nauli. Nikajitangaza kuwa ni samaki, jamani, ni samaki wangu. Haikusaidia. Mama mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti: "Samaki gani hana magamba? Mimi Msabato, asinisogelee huyo!" Mzee mwenye kofia ya kiua akamgeukia na kumweleza kwamba cha majini ni halali, chenye magamba na kisicho na magamba. Mama akamjibu kwa Mambo ya Walawi, sura na mstari. Kijana wa dirishani akataka kujua kama wa kukaangwa ana tofauti na wa kuchomwa. Na kambare huku anatembea. Nasema anatembea: anajisukuma kwa mapezi ya kifuani, kushoto, kulia, kuelekea kwa dereva.

Nikamrukia. Akanichoma dole gumba kwa mwiba wa pezi, akateleza. Nikamrukia tena, nikaambulia ndala ya mtu. Mwishowe bibi mmoja aliyepandia Kibiti akavua mtandio, akauzungusha mkononi, akamkamata nyuma ya kichwa kama anayechukua kijiko mezani. Akanishikia nimwone. Sharubu nane, vijicho vidogo visivyo na habari na mtu, na kwenye ute wa ubavu wake limeganda ganda la karanga na tiketi ya abiria mwingine. "Baba, samaki hashikwi mkia," akaniambia. Basi zima likasema amina, Msabato naye.

Konda akashuka kwenye kiti na sura ya kazi. Anasema mzigo ukikaa kwenye ndoo ni mzigo, ukitembea ni abiria. Nikalipa 2,000, abiria wengine wakimshangilia yeye.

Kongowe tukaikuta foleni, na kwenye foleni mtu huwaza kwao. Mimi nimekulia Dar, karibu na bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani inafungwa, na vijana wanatoka na kambare kwenye yale maji. Mama yangu alikuwa anakagua hadi harufu ya mikono yetu ili ajue kama tumewagusa, kwa kuwa kila kinachomwagwa mjini kinapitia pale. Samaki ni huyuhuyu wa Rufiji, na anavuta hewa vilevile. Ila mto wetu tumeufanya mtaro, kisha tunatoa elfu kumi na tano za bodaboda kwenda kula kwenye mto wa wenzetu.

Rangi Tatu nilishuka na ndoo, dole limevimba. Mama ntilie mmoja akachungulia, akauliza bei kabla ya salamu. Nikamuuzia wale wawili wapole, hela ya bodaboda ikarudi na juu kidogo. Yule mkubwa sikumuuza. Ameshalipiwa nauli.