Kifungu cha Malipo Kilipohamia Mwisho

Mwaka 2009 nilikuwa nasimamia hifadhidata ya mikataba. Kila mkataba ulitufikia ukiwa faili la XML, yaani maandishi ambayo kila sehemu yake imefungwa kati ya alama zenye jina lake, na namna ya kuihifadhi iliachwa mikononi mwangu. Nilichagua njia niliyoizoea: kuipasua hati vipande na kuvigawa kwenye majedwali. Jedwali moja la mikataba, la pili la wahusika, la tatu la vifungu. Mkataba ukihitajika, programu inakusanya mistari yake na kuujenga upya.

Kazi ile niliifanya kwa moyo wote. Sentensi kama hii, `Mpangaji atalipa <kiasi>…</kiasi> kabla ya <tarehe>…</tarehe>`, zilininyima usingizi, maana humo maneno na elementi (zile sehemu zilizofungwa kwa alama) vimechanganyika, na ukichota elementi peke yake, maneno ya katikati yanapotea. Hilo nililiona mapema nikalitafutia dawa. Kwa miezi kadhaa mikataba ilitoka kama ilivyoingia.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa kitengo cha sheria, karatasi mkononi. Hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Aliiweka karatasi mezani kwangu na kunionyesha mstari mmoja kwa kidole: “Malipo hayo yatafanyika kwa utaratibu ulioelezwa katika kifungu kilichotangulia.”

“Kilichotangulia ni kipi, mwanangu?”

Nikapandisha macho. Kifungu kilichotangulia kilihusu utunzaji wa siri. Kile cha malipo nilikikuta ukurasa wa mwisho, chini kabisa, baada ya kifungu cha kusuluhisha migogoro. Na kilichonitia baridi ni namba. Hati zenyewe hazikuwa na namba za vifungu. Programu ndiyo iliyozipanga wakati wa kuchapa. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa na 1 hadi 11 bila pengo lolote. Kwa kuitazama tu, usingejua kuna kitu kimehama. Ilibidi mtu aisome, neno kwa neno, kama alivyoisoma yeye.

Nilimwomba anipe muda, nikafungua jedwali la vifungu. Vifungu vyote 11 vilikuwamo, hakuna neno lililopotea. Nikaangalia kumbukumbu za mabadiliko: wiki iliyotangulia, mtu alikuwa amesahihisha kosa dogo la tahajia ndani ya kifungu cha malipo, herufi moja tu. Hapo nikaelewa. Tulikuwa tukitumia programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, nayo ukiibadilisha data haifuti mstari wa zamani na kuandika juu yake. Inaandika toleo jipya la mstari mahali pengine penye nafasi. Swali langu la SELECT, lile la kuomba mistari kutoka jedwalini, halikuwa na ORDER BY, agizo la kuipanga, wala nisingeweza kuiweka, kwa sababu sikuwahi kutenga safu ya kuonyesha kifungu ni cha ngapi. Miezi yote ile mistari ilikuwa ikirudi kwa mpangilio ilivyoingizwa, nami nikauchukulia mpangilio ule kuwa ahadi. Haukuwa ahadi. Tangu mwanasayansi wa kompyuta E. F. Codd alipoeleza muundo huu wa majedwali mwaka 1970, jedwali ni seti, na seti haina wa kwanza wala wa mwisho. Hati ya XML ni kinyume chake: elementi iliyotangulia imetangulia, na hiyo ni sehemu ya maana yake. Katika kuipasua ile mikataba nilikuwa nimehifadhi kila neno na kutupa kitu ambacho hakikuandikwa kwa neno lolote.

Mafaili ya asili yalikuwepo bado. Mwenzangu mmoja aliyenitangulia kazini alikuwa ameshikilia kwamba yasifutwe, ingawa mimi niliona yanajaza diski bure. Namshukuru hadi leo.

Nilitengeneza jedwali jipya lenye safu ya aina ya xml, ambayo PostgreSQL ilikuwa nayo tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, nikaziingiza hati nzimanzima. Kisha nikauliza kwa XPath, lugha ya kutafutia elementi ndani ya hati: `SELECT xpath('//kifungu', hati) FROM asili`. Jibu lilikuwa `{}`. Mstari baada ya mstari, mabano matupu. Vifungu nilikuwa naviona kwa macho yangu ndani ya hati, na hifadhidata inasema havipo.

Saa nzima ilipita kabla sijausoma vizuri mstari wa kwanza wa hati: `<mkataba xmlns="urn:mikataba">`. Ule xmlns unaziweka elementi zote zilizo chini yake katika nafasi yake ya majina, kama jina la ukoo linalotofautisha majina yanayofanana. XPath 1.0 nayo, ukiiandikia jina tupu lisilo na kiambishi, inatafuta elementi isiyo na nafasi ya majina kabisa. `kifungu` niliyemwita hakuwa yule aliyemo. Nikaandika `xpath('//m:kifungu', hati, ARRAY[ARRAY['m','urn:mikataba']])`, na vifungu vikamiminika, kila hati kwa mpangilio wake. Toleo la 8.4 la PostgreSQL lilikuwa limetoka Julai ya mwaka uleule likiwa na generate_subscripts, inayotoa namba za nafasi katika orodha, na kwa hilo niliweza kukipa kila kifungu namba ya nafasi yake. (XMLTABLE, ambayo ingenifanyia yote hayo kwa pigo moja, iliingia toleo la 10, mwaka 2017.)

Kisha nikalinganisha ya asili na ya kwetu. Mikataba 31 ilikuwa imevurugika. Miwili ilikuwa imeshatumwa kwa wateja.

Jedwali la vifungu nililijenga upya, safari hii likiwa na safu ya `nafasi`. Hati nzima nikaiacha kando yake, haiguswi. Namba ya mkataba na tarehe nikazitoa na kuziweka kwenye safu za kawaida zenye faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji), kwa kuwa aina ya xml huhifadhiwa kama maandishi na huchambuliwa upya kila unapoiuliza, na faharasa ya kawaida haiwezi kuwekwa juu yake moja kwa moja. Kumtafuta mteja mmoja kwa kuchambua maelfu ya hati ni kuitesa seva bila sababu.

Jioni nilipeleka ule mkataba kwa yule mama. Aliusoma wote, tangu mwanzo, sio ule ukurasa peke yake. Alipofika pale alipouliza asubuhi, alirudisha kidole kwenye kifungu cha juu yake, akakisoma hadi mwisho, akageuza ukurasa.

“Sasa nipe ile miwili iliyotoka,” akasema. “Wateja nitawapigia mimi mwenyewe.”