Ushahidi wa Uongo kwa Ajili ya Mungu

Wapendwa katika Bwana, juma hili sikulala vizuri kwa sababu ya ujumbe nilioutuma mimi mwenyewe. Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukiwa nyumbani hapa Moshi tukisubiri chakula, binti wa kaka yangu, ambaye anasomea utalii, aliniuliza kwa adabu, "Baba mdogo, ni kweli kwamba Yesu alifanywa Mungu kwa kupigiwa kura?" Alikuwa amemaliza kusoma The Da Vinci Code, riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003, ambamo mhusika mmoja msomi anaeleza kwamba Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa kale, ulimpandisha Yesu kutoka unabii hadi uungu kwa tofauti ndogo ya kura, na kwamba Kaisari Konstantino ndiye aliyepanga vitabu gani viingie katika Biblia. Mimi, mzee wa kanisa ninayeikiri Imani ya Nikea tangu siku ya kipaimara, niligundua pale pale kwamba hata Nikea iko wapi sijui. Badala ya kukiri hivyo, nilipandisha sauti. Nilisema kwamba kitabu hicho kiliandikwa kwa fedha za chama cha waabudu shetani, na kwamba Konstantino hakuhusika kabisa na mkutano ule. Jioni nikayaweka maneno hayo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, na Amina zikamiminika.

Kwa lile la kwanza sikuwa na ushahidi wowote. Nililisikia mahali, likanipendeza. La pili ni kinyume kabisa cha yaliyotokea, kwa maana Konstantino ndiye aliyewaita maaskofu Nikea, mji ambao leo unaitwa Iznik nchini Uturuki, mwaka 325, akaufungua mkutano yeye mwenyewe, na baadaye akampeleka uhamishoni Ario, padri wa Aleksandria ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyoleta ugomvi. Kaisari huyo hata ubatizo hakuupokea hadi alipokuwa karibu kufa mwaka 337. Mambo haya hayaiharibu imani yetu hata kidogo. Ila mimi niliogopa kwamba yataiharibu, nikayafuta kwa mdomo wangu.

Nilipokaa kusoma kwa utulivu, nilikuta jibu ambalo lingemtosha mtoto yule bila kelele. Walipokutana Nikea, hakuna aliyesimama kudai kwamba Yesu alikuwa mwalimu tu. Hata Ario alimwita Mwana wa Mungu aliyekuwako kabla ya dunia kuumbwa. Kosa lake lilikuwa kufundisha kwamba Mwana naye aliumbwa, na mtaguso ukajibu kwamba ana asili moja na Baba. Kati ya maaskofu wapatao mia tatu, waliokataa katakata kutia sahihi walikuwa wawili, Theonas na Secundus, wote kutoka Libya. Mkutano huo ulitoa kanuni 20, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Askofu Ireneo alikuwa anazitetea Injili nne mnamo mwaka 180, na orodha ya kale zaidi tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, iko katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Lililonitoa machozi hasa ni barua ya Pliny, gavana Mrumi wa Bithinia, jimbo lile lile ulimokuwa mji wa Nikea. Mnamo mwaka 112, miaka zaidi ya mia mbili kabla ya mtaguso, alimwandikia kaisari wake kwamba Wakristo hukusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Pliny hakuwa rafiki yetu, kwani alikuwa akiwaua Wakristo wasiotaka kuikana imani. Mtu kama huyo hana sababu ya kutusaidia.

Binti yangu yule alinifundisha jambo jingine, ingawa yeye alidhani ananichekesha. Alisema kwamba wageni wanaokuja kupanda mlima bado husimuliwa kuwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda. Mimi nilifundishwa hadithi hiyo darasani, na nimewasimulia wanangu. Kumbe mstari ule ulichorwa katika makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, baada ya Wajerumani kufanya mkataba na Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, mwaka 1885, na Wilhelm huyo alikuja kuwa kaisari mwaka 1888. Hata hivyo mpaka ni kweli umepinda, na Victoria kwa kweli alikuwa bibi yake. Hadithi ilishonewa kwenye nguo halisi, na kwa sababu hiyo haikutatuka kwa miaka yote hii.

Riwaya za njama za kidini hushonwa vivyo hivyo. Nikea ipo, Konstantino yupo, na mashujaa wa Hekalu (Templars, watawa wapiganaji wa zama za kati) walikamatwa kweli huko Ufaransa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1307; mtunzi hutandika kitambaa halali, kisha akadarizi alipendalo. Mtunzi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni, na sioni dhambi hapo. Shida inaanza pale riwaya ile inapofungua kwa ukurasa unaodai kwamba chama cha siri kiitwacho Priory of Sion, kilichoanzishwa mwaka 1099, ni kitu cha kweli. Chama chenye jina hilo kiliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake, na hati zilizotumika kukizeesha zilikuwa za kughushi, zikapenyezwa katika maktaba ya taifa jijini Paris. Msomaji ameshaambiwa mlangoni kwamba yaliyomo ndani ni mchele mtupu, kwa hiyo ungo anauacha nje.

Lakini wapendwa, sikuandika tafakari hii ili kumshitaki mtunzi wa Marekani. Nataka tujitazame sisi. Ayubu, akiwa amekaa majivuni, aliwauliza rafiki zake swali ambalo juma hili limenichoma: je, mtasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu? Wale hawakuwa wapagani. Walikuwa wanamtetea Mungu, nao walikuwa na hakika kwamba wako upande wake, na mwishoni Mungu mwenyewe akawakasirikia. Tuna tabia katika makundi yetu ya kusambaza kila ujumbe unaoanza na "amka kanisa", unaosema alama fulani ya biashara ni ya shetani, kwamba fulani amejiunga na Freemason, kwamba wataalamu wameficha jambo fulani, kisha tunashangaa vijana wetu wanapoamini riwaya inayosema kanisa limeficha jambo fulani. Nani aliwazoesha? Ladha ya siri iliyofichwa waliionja kwanza mezani kwetu. Kristo aliyesema "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima" hakutuagiza tumlinde kwa uzushi. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo, na Katekisimo Ndogo ya Luther inatutaka zaidi ya hapo, tumtetee jirani na kumnenea mema. Mtunzi ambaye sijawahi kumwona, na ambaye nilisema anakula fedha za mashetani, naye ni jirani.

Luka, kabla hajaandika neno hata moja juu ya Zakaria au Maria, alimweleza Theofilo kazi aliyoifanya: "nimejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo." Petro naye akaandika kwamba hawakufuata "hadithi zilizotungwa kwa werevu". Watu hawa walijua kuna hadithi zilizotungwa, na walijua tofauti. Kanisa nalo limewahi kutetewa kwa karatasi za kughushi: kwa karne nyingi hati iliyodai kwamba Konstantino alimkabidhi askofu wa Roma utawala wa nchi za magharibi ilitumiwa kama halali, mpaka Lorenzo Valla, msomi wa Italia ambaye alikuwa Mkristo, alipoonyesha mwaka 1440 kwamba Kilatini chake si cha karne ya nne. Natamani mtu wa namna hiyo katika kila jumuiya yetu, hata kama atatuudhi.

Alhamisi usiku niliandika kwenye kundi kwamba nilikosea, nikataja makosa yote mawili. Amina zilikuwa tatu tu. Wawili waliniuliza kama nimeanza kulegea, na mmoja alikiri kwamba ujumbe wangu wa kwanza alikwisha kuupeleka kwa ndugu zake wa Arusha.

Kisha binti yangu aliniletea swali la Maria Magdalena. Nilifurahi, nikidhani hapa angalau niko salama, kwa kuwa hakuna andiko la kale linalosema aliolewa na Bwana, hata zile injili za baadaye zilizofukuliwa Nag Hammadi nchini Misri mwaka 1945. Ndipo aliponionyesha kwamba riwaya inakataa pia kumwita Maria kahaba, na kwa hilo riwaya iko sahihi. Luka 8 inasema tu kwamba alitokwa na pepo saba. Aliyemchanganya na yule mwanamke mwenye dhambi wa sura ya saba ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591. Pasaka iliyopita, nikiongoza neno katika ibada ya nyumba kwa nyumba, nilimwita mwanamke huyo kahaba mara nne au tano, yeye aliyekuwa wa kwanza kumwona Bwana amefufuka. Jumatano tutakutana tena katika nyumba ile ile, na nimemwomba mwenyeji wetu anipe dakika chache kabla ya wimbo wa kwanza.