DAC ya hedifoni: soma kabla hujatoa laki zako Kariakoo

Siku hizi mshkaji akinunua hedifoni nzuri kidogo tu, kesho yake meseji inaingia, "kaka, sasa nichukue DAC gani?" na wengine wanakuwa washaenda dukani wametajiwa bei ya kumaliza mshahara. Nimeona niandike yote hapa, kwa sababu naumia nikiona mtu anatoa hela nyingi sehemu ambayo haitamuongezea kitu masikioni.

DAC kazi yake ni moja. Wimbo ukiwa kwenye simu au laptopu ni namba tupu, na hedifoni haisomi namba, inataka umeme unaopanda na kushuka, sasa kinachogeuza namba kuwa umeme huo ndo DAC. Maana yake kama unasikia mziki muda huu basi DAC unayo tayari. Alafu kama hedifoni zako ni za bluetooth, DAC yake imo humo humo ndani, ukinunua ya nje haifanyi chochote, kwa hiyo we hela yako kaa nayo.

Mimi msimamo wangu ni huu: kugeuza namba kuwa sauti sio tatizo tena. CD ilipotoka mwaka 1982 ilikuja na biti 16 (urefu wa kila namba) na sampuli 44,100 kwa sekunde (sauti inapimwa mara ngapi), hiyo inabeba sauti mpaka 22 kHz na kidogo, yaani mitetemo elfu 22 na kidogo kwa sekunde, wakati sikio la kijana mzima linaishia kama 20 kHz, na nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ni kama desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sasa we unakaa Sinza au Tabata, feni inazunguka, bodaboda zinapita dirishani, hizo biti 32 na 768 kHz zilizoandikwa kwenye boksi utazisikilizia wapi? Adapta ndogo ya Apple, ile ya USB-C kwenda pini ya hedifoni, ndani ina DAC, kule Marekani inauzwa dola 9 na imepimwa na watu wengi wenye mashine za kupimia, ni safi kuliko sikio lolote linavyoweza kugundua. Hela weka kwenye hedifoni yenyewe, huko ndo tofauti unaisikia bila kuambiwa.

Kinachobaki ni nguvu na kelele.

Nguvu unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Hedifoni ina namba mbili kwenye maelezo yake, ohm (inavyoupinga umeme) na desibeli kwa miliwati 1 (usikivu wake, yaani inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu hiyo). Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro ile ya ohm 250, inatoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Adapta ya Apple toleo la Marekani inatoa volti 1, sasa volti mara volti gawanya kwa ohm, 1 gawanya 250, unapata miliwati 4. Kila nguvu ikiongezeka mara mbili sauti inapanda desibeli 3, kwa hiyo toka 1 kwenda 2 kwenda 4 umepanda 6, jumla 102 pale juu kabisa. Kwa watu wengi inatosha kabisa. Lakini toleo la Ulaya linatoa nusu volti, hesabu ile ile inakupa miliwati 1 tu, desibeli 96 zile za kilele, na mziki uliorekodiwa kwa sauti ya chini utauona umepooza. Hapo ndo kuna sababu ya kununua boksi lenye ampu (kikuza sauti) ndani, na unachonunua ni ampu, DAC inakuja kama nyongeza. Ukiwa na hedifoni ya ohm 32 yenye usikivu wa kawaida, wala usihangaike.

Wenye Android mjue kitu kimoja, hiyo adapta ya Apple kwenye simu nyingi za Android sauti inatoka ndogo kuliko kawaida, sio mbovu, ni simu haiipandishi volyumu mpaka mwisho. Programu ya USB Audio Player PRO inaweza kulitatua hilo.

Sasa kelele, na hapa ndo wengi hapa Dar tunateseka bila kujua chanzo. Laptopu iko kwenye chaji, umevaa hedifoni, hujapiga wimbo wowote, unasikia mmm... au mikwaruzo inayobadilika ukisogeza mausi, na ukipitisha mkono taratibu kwenye bodi ya chuma unahisi kama inawasha kwenye vidole. Chomoa chaja, kimya. Ile sio DAC mbovu. Chaja nyingi za pini mbili hazina ethi, na hata ya pini tatu nyumba nyingi za kupanga soketi zina tundu la ethi ila ndani waya haujaenda popote, basi umeme mdogo unaovuja unatafuta njia kupitia waya wa USB. Ukinunua boksi la laki kadhaa ukalichomeka kwa USB kwenye laptopu ile ile, kelele inaweza kukufuata. Dawa ni kusikiliza kwa betri, au DAC yenye tundu la optiko kama kompyuta yako inatoa optiko, kwa sababu pale kinachopita ni mwanga na umeme hauna pa kupita. Mimi naipenda zaidi simu na adapta: hakuna chaja, hakuna mmm, na umeme ukikatika wimbo unaendelea.

Ukienda Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Msimbazi, kuna adapta za USB-C za bei poa sana ambazo ndani hazina DAC kabisa, ni waya tu, zinafanya kazi kwenye simu chache zinazotoa sauti ya analogi, yaani ishageuzwa kuwa umeme, kwenye tundu la chaji. Namna ya kuzikamata: nenda na laptopu, au muombe muuzaji achomeke kwenye kompyuta yake, ikiwa na DAC itatokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti, isipotokea rudisha hapo hapo, usikubali "ya kwako haina drava bosi".

Na muuzaji akikulinganishia mbili, hakikisha volyumu ziko sawa. Sikio linapenda kilichozidi sauti hata kwa kidogo sana ambacho huwezi kusema "hii iko juu", unaona tu "hii ni tamu", na watu wanaingizwa mjini kwa njia hiyo kila siku. Muombe akuwekee wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, afiche boksi zote mbili, abadilishe bila kukwambia. Ukishindwa kutaja ipi ni ipi, chukua ya bei ndogo.