Mbili kwa Tatu ya Calder: Nilivyochonga Mtaimbo wa Mti

Majirani zangu hapa Wakefield, mume na mke wastaafu, wana boti ndefu nyembamba ya futi 57. Waliponiomba niwasaidie kuipeleka Sowerby Bridge kwa mfereji wa Calder and Hebble, yule mama aliniuliza, "Si ulisema baba yako ni seremala? Basi tutafutie mtaimbo. Wetu umeoza." Mtaimbo ninaoujua mimi ni wa chuma, nikashangaa unaozaje. Kumbe anazungumzia mti.

Nieleze kidogo. Loki ni chumba cha mawe ndani ya mfereji, chenye malango mbele na nyuma. Boti ikishaingia, malango hufungwa, maji huingizwa au hutolewa, nayo hupanda au kushuka. Maji hupitia matundu yaliyo chini kabisa, yenye vifuniko, na kazi ya aliyesimama nchi kavu ni kuvipandisha vifuniko hivyo. Mifereji mingi ya Uingereza hutumia hendeli ya chuma, unazungusha tu. Calder and Hebble ina mambo yake. Loki zake ni fupi, futi 57 na nusu, ndiyo maana majirani walinunua boti ya urefu ule. Na kwenye kadhaa kati ya hizo utakuta gurudumu la chuma lenye matundu ya pembe nne. Unachomeka mti, unaukandamiza, komeo linadondoka kwenye jino, kifuniko kimepanda kidogo. Unachomoa, unachomeka tundu linalofuata. Aliyewahi kuona mabaharia wa jahazi wakivuta nanga kwa duara ameshaelewa. Mti wenyewe wanauita handspaiki.

Nilipoambiwa kipimo chake nilicheka peke yangu: inchi mbili kwa tatu. Mtoto wa seremala wa Tanga aambiwe mbili kwa tatu! Nikaingia duka la mbao, nikachukua kipande cha mpaini kilichopigwa randa vizuri, nikakikata futi tatu, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kipande kile kilikuwa na makosa mawili. La kwanza, mbao iliyopigwa randa kiwandani huku huuzwa kwa jina la kipimo ilichokuwa nacho kabla ya randa. "Mbili kwa tatu" yangu ilikuwa milimita 45 kwa 70, wakati kamili yake ni kama 50 kwa 75. Utasema milimita tano ni nini. Ni nyingi mno. Mti unaocheza tunduni haulalii chuma kwa ubapa wake wote; uzito mzima unaangukia kona mbili. La pili, mpaini ni laini. Kwenye loki ya kwanza kona zilipondeka zikawa kama mswaki wa mti uliokwisha tafunwa. Kwenye ya pili mti ukachanika kwa urefu, nami nikakaa chini kwa makalio mbele ya watu waliokuwa wanatembeza mbwa.

Tulifunga boti. Jioni nikampigia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka?" Mama jirani alikuwa keshaituma picha kwenye simu yangu, nami kwa ujinga nikaisambaza kwenye kundi la familia.

Hakuniuliza habari za gurudumu wala maji. Aliuliza, "Huko shoka wanalitia mpini wa mti gani?" Nikasema nadhani ni ash, mti mgumu wa huku Ulaya. "Sasa unaniuliza nini?" Kisha akaongeza la maana: nitazame nyuzi zikimbie toka ncha hadi ncha, zisitoke ubavuni, na pasiwe na fundo hata moja karibu na pale mti unapoingia chumani, maana hapo ndipo unapokunjwa.

Mwaloni niliufikiria pia. Ni mgumu, lakini una tindikali inayopatana vibaya na chuma kilicholowa: mti unaweka madoa meusi. Na ukipewa kishindo cha ghafla, ash huvumilia zaidi; ndiyo sababu ya mipini. Kasoro yake ni kwamba huoza upesi ukiachwa kwenye unyevu, na nadhani ndicho kilichoupata ule wa majirani, uliokuwa ukilala juu ya paa la boti mvua na jua. Kaka yangu akajitia kutania kwamba atanitumia mpingo. Mpingo ukikuponyoka mkononi unazama moja kwa moja! Ash huelea.

Na kwa nini si chuma, tukamaliza ubishi? Hili nililielewa nikiwa kazini. Gurudumu ni la chuma cha kalibu, hakipindi, hupasuka. Kitu kikilazimika kuvunjika, nafuu iwe fimbo yangu.

Nilinunua ash ambayo haijapigwa randa, nene kuliko inavyotakiwa. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya mwanzo: nikaenda kwenye loki na rula, nikapima tundu lenyewe. Ncha nikaipunguza kwa randa kidogo kidogo, nikiijaribu, mpaka ikaingia bila kugongwa na bila kutikisika. Upande wa mkono nikauviringa kwa tupa na msasa, nikaupaka mafuta ya kitani. Vanishi sikuigusa, mkono uliolowa huteleza juu yake. Kamba ya kuufunga mkononi pia nilikataa. Komeo likikosa jino, gurudumu hurudi kwa nguvu na kuondoka na mti, na sipendi uondoke na mkono wangu. Kwa sababu hiyohiyo siuachi tunduni peke yake hata kwa sekunde.

Siku ya tatu vifuniko vilipanda kwa sauti ya komeo tu, ka, ka, ka. Nilizoea hadi nikawa natembea nao kwapani. Tulipofika Salterhebble, loki ya chini, niliruka nchi kavu nikiwa tayari nimekunja mikono ya koti. Lango la pale ni bamba linalopanda juu kwa umeme: unageuza ufunguo, unabonyeza kitufe.

"Huo uweke ndani," mama jirani alisema, "usilowe."