Ufito wa Bei Ghali na Mshipi wa Mkono

Niliponunua ufito wa kuvulia wa nyuzi za kaboni, kwa fedha ambazo zingenitosha kwa mishipi ya mkono ya miaka kadhaa, ami yangu wa Mkoani, Pemba, aliupima mkononi, kisha akaniuliza kama samaki nao wanajua bei. Swali lake lilikuwa la haki. Kaboni ni nyepesi na haipindi ovyo kama nyuzi za kioo, hivyo anayerusha chambo bandia asubuhi nzima akitafuta kolekole hachoki upesi, na hata mguso mdogo huusikia mpinini. Lakini ufito huo ukigongwa kwenye ubavu wa mashua huweza kupata ufa usioonekana, ukaja kukatika siku nguru anapovuta kwa nguvu. Wangu ulikatika hivyo, tukiwa njiani kuelekea kisiwa cha Misali. Kwa samaki kama changu wa mwambani, mshipi wa mkono unatosha kabisa. Ningeanza upya, ningenunua ufito wa kadiri wa nyuzi za kioo, na fedha iliyobaki ningeiweka kwenye rili imara, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambayo hata hivyo lazima isuuzwe kwa maji ya kisima kila jioni, kwani chumvi haichagui bei.